Uzito wa "Because": Viunganishi Tegemezi vya Kiingereza na Tafsiri ya Matini ya Kiswahili cha Katanga

1. Utangulizi

Katika madarasa mengi ya Kiingereza, viunganishi tegemezi hufundishwa kwa njia ya orodha. Upande mmoja wa ubao huandikwa "because", "although", "when", "if" na "that". Upande wa pili huandikwa maneno ya Kifaransa yanayolingana nayo, na aghalabu wanafunzi wenyewe hujazia ya Kiswahili. Orodha ikishakaririwa, somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Njia hii humfaa anayeanza, lakini ina kasoro moja kubwa: humfanya mwanafunzi aamini kwamba kiunganishi ni kishikizo tu cha vishazi viwili, na kwamba kila lugha ina kishikizo kile kile chenye jina tofauti.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba sivyo. Kwa kiunganishi tegemezi tunamaanisha neno linalokifanya kishazi kimoja kiwe chini ya kingine, kisiweze tena kusimama peke yake kama sentensi. Katika Kiingereza, anayelitumia neno la namna hiyo hutoa hukumu: huamua tukio lipi ni chanzo na lipi ni tokeo, lipi ni habari yenyewe na lipi ni mazingira yake tu. Uamuzi huo huonekana wazi zaidi pale matini ya Kiswahili inapofasiriwa kwa Kiingereza, hasa matini iliyoandikwa katika Kiswahili cha kwetu, ambacho hufunga vishazi vyake kwa njia nyingine.

Kwa sababu hiyo tumechagua kuhakiki kitabu kimoja kinachotuhusu sisi wa Katanga kuliko watu wengine: historia ya mji wa Elisabethville iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965, pamoja na toleo lake la Kiingereza la mwaka 1990. Sentensi zote za mifano humu ni zetu wenyewe; hatukunukuu hata moja kutoka kitabuni.

2. Matini na toleo lake

Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla Elisabethville haijaitwa Lubumbashi, na miaka miwili baada ya kujitenga kwa Katanga kukomeshwa, kikundi cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani kwa wazungu kilitoa kijitabu cha kurasa chache zilizopigwa kwa mashine ya kuandikia na kurudufiwa. Mkusanyaji alikuwa André Yav. Ingawa kijitabu kiliitwa "Vocabulaire", si msamiati hata kidogo. Ni historia ya mji, ya kazi na ya maisha ya watu chini ya utawala wa Wabelgiji, kama ilivyokumbukwa na waliotumikishwa.

Mwaka 1990 Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyewahi kufundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alikichapisha upya huko Amsterdam chini ya jina "History from Below". Alisaidiwa na Kalundi Mango, na Walter Schicho aliandika maelezo ya kiisimu. Toleo hilo lina matini ya asili, matini iliyoandikwa upya, tafsiri ya Kiingereza na insha ya ufafanuzi.

Jambo moja katika utaratibu wa kazi hiyo lina umuhimu wa pekee kwa hoja yetu. Matini ya asili haina utaratibu thabiti wa tahajia, wa kutenganisha maneno, wala wa vituo. Msomaji anayeitazama karatasi peke yake hawezi kila mara kujua kishazi kinaishia wapi. Basi ikalazimu matini isomwe kwa sauti na Kalundi Mango, mjuzi wa Kiswahili hicho, na sauti yake ndiyo iliyokuwa msingi wa maandishi mapya. Maana yake ni kwamba, kabla ya mfasiri kuuliza kama aandike "when" au "because", mtu mwingine alikwisha kuamua mahali sentensi inapokatwa. Kiunganishi cha Kiingereza kinakuja baada ya uamuzi huo, nacho kinauongezea uamuzi wa pili.

3. Kiswahili hufungaje vishazi?

Sarufi nyingi za Kiswahili zilizotungwa kwa Kiingereza, ikiwemo ile maarufu ya E. O. Ashton ya mwaka 1944, zinaeleza Kiswahili cha pwani. Katika Kiswahili hicho, kazi kubwa ya kutegemeza kishazi hufanywa ndani ya kitenzi. Tukisema "Alipofika tuliondoka", ni -po- inayoonyesha wakati. Tukisema "Akifika tutaondoka", ni -ki- inayobeba sharti. Tukisema "Angefika tungeondoka", -nge- imo katika vitenzi vyote viwili. Hakuna neno huru lililotumika. Mwenye kutafuta viunganishi kwa kuhesabu maneno atasema Kiswahili kina vichache, kumbe amevipita bila kuviona.

Hata hapo pwani, mgawanyo wa maana haulingani na ule wa Kiingereza. "Akifika tutaondoka" yaweza kuwa "If he arrives, we shall leave", na yaweza kuwa "When he arrives, we shall leave". Kiswahili hakimlazimu msemaji kueleza kama ana hakika kwamba mtu huyo atafika. Kiingereza kinamlazimu.

Kiswahili cha Katanga kimeshika njia nyingine. Katika mazungumzo ya kila siku ya Lubumbashi, Likasi au Kamina, -ki- ya sharti na -po- ya wakati si za kawaida kama zilivyo pwani, na mahali pake pamechukuliwa na maneno huru. Husemwa "wakati alifika" mahali pa "alipofika". "Kama anafika" mahali pa "akifika". "Muntu yenye alikuya" mahali pa "mtu aliyekuja". Sababu huonyeshwa kwa "juu": "Hakukuya juu alikuwa mugonjwa." Neno hilo hilo huonyesha pia kusudi: "Nilikuya juu ya kukuona." Maneno yaliyosemwa hutangulizwa kwa "asema" au kwa "kama": "Alituambia kama atakuya" huku kwetu humaanisha kwamba aliahidi kuja, wala hakuna shaka yoyote ndani yake. Juu ya hayo kuna "njo", neno dogo linalofanya kazi nyingi, ambalo pwani wangelitambua kuwa ni jamaa ya "ndiyo".

Kwa muda mrefu, tofauti hizi zimechukuliwa kuwa dalili ya upungufu. Imesemwa kwamba Kiswahili cha Katanga hakina sarufi, kwamba ni lugha ya sokoni na kambini. Tukitazama kwa macho ya isimu, dai hilo halisimami. Lugha iliyoitoa kazi ya kutegemeza kutoka ndani ya kitenzi na kuikabidhi kwa maneno huru haikupoteza sarufi, imeihamisha. Tena, kwa upande huu mmoja, imesogea karibu na Kiingereza na Kifaransa kuliko ilivyo lugha ya pwani.

Tuongeze kwamba wasemaji wetu hawajifungi kwa maneno hayo tu. Vincent de Rooij, katika utafiti wake wa mwaka 1996 kuhusu mazungumzo ya Kiswahili na Kifaransa katika Shaba, alichunguza namna viunganishi vya Kifaransa kama "parce que", "mais" na "donc" vinavyotumika katikati ya maneno ya Kiswahili. Alionyesha kwamba haviingii kwa ubovu wa lugha: huingia kwa kuwa tofauti yao na maneno yanayovizunguka humsaidia msikilizaji kutambua mahali hoja inapogeuka. Mwanafunzi wetu anayejifunza Kiingereza, basi, haji mikono mitupu. Anacho Kiluba au lugha nyingine ya nyumbani, Kiswahili cha mjini, Kiswahili sanifu cha vitabuni na Kifaransa cha shuleni, na kila kimoja humpa mfumo wake wa kufunga vishazi.

4. Sentensi moja, hukumu tano

Tuchukue tukio linalojulikana katika historia ya Katanga. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga waligoma wakidai nyongeza ya mishahara. Tarehe 9 ya mwezi huo, huko Elisabethville, askari waliufyatulia risasi umati wa wagomaji uliokusanyika katika uwanja wa mpira. Mzee wa Katanga angeweza kulisimulia tukio hilo hivi: "Bantu balikatala kazi, basoda balipiga bunduki." Vishazi ni viwili, vimewekwa sambamba, na hakuna kiunganishi. Mfasiri wa Kiingereza atafanya nini?

Akiandika "When the workers refused to work, the soldiers fired", ametaja wakati tu. Mgomo umekuwa saa ya tukio, na risasi ndizo habari. Akiandika "Because the workers refused to work, the soldiers fired", ameufanya mgomo kuwa chanzo cha vifo, na msomaji mwepesi atauona kama lawama kwa wagomaji. Akiandika "Although the workers had only refused to work, the soldiers fired", amewalaumu askari, tena amelazimika kuongeza neno "only" ambalo halimo. Akiandika "The workers refused to work until the soldiers fired", amedokeza kwamba risasi zilimaliza mgomo. Akiandika "The workers refused to work; the soldiers fired", ameyaacha matukio kama yalivyosimuliwa, naye msomaji ndiye atakayehukumu.

Sentensi zote tano ni sahihi kwa sarufi ya Kiingereza. Hakuna mwalimu atakayezitia alama nyekundu. Hata hivyo zinatoa historia tano. Hapa ndipo orodha ya ubaoni inaposhindwa kabisa, kwa maana inafundisha kwamba "because" ni "juu" au "kwa sababu", bali haimwulizi mwanafunzi kama msimulizi mwenyewe alisema sababu yoyote.

Je, inafaa basi mfasiri akatae viunganishi vyote na kuacha vishazi vimesimama kimoja kimoja? Hata kidogo. Katika Kiingereza cha maandishi, mfululizo mrefu wa vishazi huru husikika kama maneno ya mtoto. Mfasiri akimfasiri mzee wa Katanga kwa namna hiyo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, msomaji wa London au Chicago atadhani kwamba mzee huyo hakujua kupanga hoja. Itakuwa ni hukumu nyingine, mbaya zaidi kuliko ya kwanza, na itathibitisha dharau ile ile ya kale kwamba Kiswahili chetu hakina sarufi.

Tofauti ipo katika kutambua alama ambazo Kiswahili chenyewe kimeziweka. Tutazame sentensi hii: "Mushahara ulikuwa kidogo, njo bantu balikatala kazi." Hapa uhusiano umetajwa. Neno "njo" linatangaza kwamba kishazi cha pili kimetokana na cha kwanza. Mfasiri anayeandika "Because the wages were low, the workers refused to work" hajazua sababu; ameihamisha tu kutoka kishazi kimoja hadi kingine. Lakini na hapo pana hasara. "Njo" hukaa upande wa tokeo na kulitia mkazo, wakati "because" hukaa upande wa chanzo na kukishusha kiwe kishazi tegemezi. Mzee aliutaja mshahara mdogo kama jambo kamili, lenye uzito wake. Kiingereza kimeugeuza utangulizi. Anayeandika "The wages were low, that is why the workers refused to work" ameilinda hoja pamoja na mpangilio wake.

5. Uhakiki wa toleo la 1990

Tukilipima toleo la Fabian kwa kipimo hiki, sifa yake ya kwanza ni kwamba limejiweka wazi kupimwa. Matini ya asili ipo, maandishi mapya yapo, na tafsiri ipo kando yake. Msomaji wa Kamina anayekijua Kiswahili hicho anaweza kukiangalia kila kiunganishi cha Kiingereza na kuuliza kimetoka wapi. Wafasiri wengi wa simulizi za Kiafrika wametoa Kiingereza peke yake, hivyo msomaji hana njia ya kujua ni "because" ipi ya msimulizi na ipi ya mfasiri.

Sifa ya pili ni kwamba Fabian haichukulii tafsiri kuwa kazi ya ufundi tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1986, "Language and Colonial Power", alikwisha kuchunguza vitabu vya kufundishia Kiswahili vilivyotungwa kwa ajili ya wazungu wa Kongo hadi mwaka 1938, na akaonyesha jinsi lugha iliyofundishwa humo ilivyokuwa lugha ya kutoa amri. Hili linagusa mada yetu moja kwa moja. Amri haihitaji viunganishi tegemezi. Anayesema "Lete maji" au "Fagia nyumba" hana haja ya "kwa sababu" wala "ingawa". Anayeamuru hatoi sababu. Watumishi wa nyumbani ndio waliosemeshwa Kiswahili hicho kila siku. Walipokaa mwaka 1965 na kuandika historia yao, waliandika kwa lugha ile ile ya mjini, lakini safari hii wao ndio waliopanga nini kimefuata nini, na nini kimetokana na nini. Kwa hiyo uunganishaji wa vishazi katika matini ya Yav ni mahali hasa ambapo watumishi walijitwalia haki ya kueleza.

Na hapa ndipo tunapokuwa na neno la kulisahihisha toleo. Insha ya ufafanuzi na maelezo ya kiisimu yana manufaa makubwa, lakini yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wa nje. Msomaji wa Kiingereza anayepitia ukurasa wa tafsiri peke yake atapokea viunganishi kama vilivyo, kwa kuwa Kiingereza chenyewe huvifanya vipite bila kuonekana. Nomino ngeni humsimamisha msomaji, akauliza maana yake. "Since" na "as" hazimsimamishi mtu yeyote. Lakini "since" ya Kiingereza huweza kuwa ya wakati au ya sababu, na "as" vilevile. Mfasiri anayeitumia mahali ambapo Kiswahili kimenyamaza hupata njia ya kutoamua huku akionekana ameamua. Tunashauri kwamba anayeitumia matini hii kwa kazi ya historia asijenge hoja yoyote ya sababu juu ya kiunganishi cha Kiingereza kabla hajarudi kwenye Kiswahili. Mwanahistoria akisema "Yav anadai kwamba jambo hili lilisababishwa na lile", lazima aweze kuonyesha "juu", "sababu" au "njo" iliyomruhusu kusema hivyo.

6. Faida kwa darasa la Kiingereza

Yaliyosemwa juu ya mfasiri yanamhusu pia mwanafunzi anayetunga Kiingereza chake mwenyewe. Makosa mengi ya viunganishi katika insha za wanafunzi si uzembe. Yana chanzo kinachoweza kuelezwa.

Kwanza, "When he will come, we shall begin". Kiswahili sanifu husema "atakapokuja", na Kifaransa husema "quand il viendra". Lugha zote mbili hutia wakati ujao ndani ya kishazi tegemezi. Kiingereza hutumia wakati uliopo: "When he comes". Mwanafunzi wa Kamina ana lugha mbili zinazomvuta upande mmoja, na mwalimu asiyelijua hilo atasahihisha kosa lile lile mwaka mzima.

Pili, "If he would come, I would tell him". Hapa Kifaransa hakimponzi, kwa kuwa "s'il venait" inalingana na "if he came". Kinachomvuta ni -nge- ya Kiswahili sanifu, ambayo huwa katika vishazi vyote viwili: "Angekuja ningemwambia."

Tatu, "Although it was raining, but we left". Katika Kiswahili, "Ingawa mvua ilikuwa ikinyesha, lakini tuliondoka" husikika na kuandikwa mara kwa mara, hata kama baadhi ya wasanifishaji hawaipendi. Kiswahili hukubali kutangaza upinzani mara mbili, mwanzoni mwa kila kishazi. Kiingereza sanifu hutaka utangazwe mara moja tu.

Nne, "He said if he will come", mahali pa "He said that he would come". Hili ni kosa la mwenye Kiswahili cha huku kwetu, ambaye "kama" yake hubeba kazi ya "if" na ya "that" pia. Ni kosa la hatari kuliko mengine, kwa sababu linaibadilisha ahadi kuwa mashaka.

Mazoezi tunayoyapendekeza ni mepesi. Mwanafunzi apewe aya fupi ya Kiswahili cha Katanga, aifasiri kwa Kiingereza, kisha apige mstari chini ya kila kiunganishi tegemezi alichotumia. Halafu aonyeshe katika Kiswahili neno, kiambishi au mpangilio uliomruhusu kukitumia. Pale asipopata kitu cha kuonyesha, aeleze kwa maandishi kwa nini ameongeza uhusiano huo, au aufute. Zoezi hili humfundisha sarufi ya Kiingereza kwa uthabiti kuliko orodha, na papo hapo humlazimu aichunguze sarufi ya lugha yake mwenyewe, ambayo pengine ameambiwa tangu utotoni kwamba haipo.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba viunganishi tegemezi vya Kiingereza havilingani moja kwa moja na njia za Kiswahili za kufunga vishazi, iwe ni Kiswahili cha pwani kinachovificha katika kitenzi, au cha Katanga kinachotumia maneno huru na mpangilio. Toleo la 1990 la historia ya André Yav ni kazi ya thamani, nayo thamani hiyo itaongezeka kadiri itakavyosomwa pande zote mbili kwa pamoja na watu wanaokijua Kiswahili chake. Wasomaji hao wako hapa. Kazi ya kuipitia tafsiri hiyo kishazi kwa kishazi ingefaa kabisa kuwa mada ya tasnifu ya leseni katika idara zetu za lugha, na nyenzo zake kuu mbili, yaani matini na masikio ya mzawa wa Katanga, tayari zipo.